Damu ngapi? Dodoma tuisome karatasi yote

Hapa Dodoma mtu akitoka maabara, anayemsubiri nje humuuliza jambo moja tu: "Damu ngapi?" Naye hujibu kwa tarakimu moja, nane, au tisa na nusu, na safari inaelekea duka la dawa. Vidonge vya damu vinanunuliwa, nyumbani rozela inachemshwa, shangazi anakumbusha juisi ya majani ya tembele, na shauri linahesabiwa limekwisha. Miezi mitatu baadaye mtu yule yule amerudi. Damu ni nane na nusu, na vidonge anavyopewa ni vilevile.

Nina ugomvi na tarakimu hiyo moja. Himoglobini, ambayo sote tumezoea kuiita HB, ni kipimo cha maana, na usiku wa dharura ndicho kinachosaidia kuamua nani aongezewe damu na nani asubiri asubuhi. Ila tumeigeuza kuwa jina la ugonjwa. Mtu anasema "naumwa damu", daktari anaandika "upungufu wa damu", na wote wawili wanaachana wakiwa wameridhika. Upungufu wa nini? Kwa sababu gani? HB haijasema, na haina uwezo wa kusema.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kwa mikoa mingi, jibu la haraka lilikuwa malaria. Mbu anauma, chembe zinapasuka, damu inashuka. Ukanda wetu huu wa kati hauna kisingizio hicho kwa kiwango kile. Dodoma na Singida ni nchi kavu, mvua ni ya msimu mmoja, na ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Damu ya mtu wa hapa ikishuka, mbu asiwe mshukiwa wa kwanza. Itabidi tutafute kwingine, na pa kuanzia kutafuta ni karatasi ile ile ambayo mgonjwa ameikunja na kuitia mfukoni baada ya kusoma mstari mmoja.

Kipimo chenyewe madaktari wetu hukiandika FBP, yaani picha ya damu yote. Karatasi inayotoka kwenye mashine ina mistari ishirini na zaidi, na kati ya hiyo, saba au minane inahusu chembe nyekundu: RBC, HB, HCT, MCV, MCH, MCHC, RDW. Pembeni mashine inaweka L palipo chini na H palipo juu. Mgonjwa akiona L zimepangana kama ngazi huingiwa na hofu, wakati mara nyingi L zote zinasimulia habari moja.

Chukua lori linalopimwa kwenye soko la mahindi la Kibaigwa. HB ni uzito wa mzigo wote. RBC ni idadi ya magunia. MCV ni ukubwa wa gunia moja, na MCH ni kiasi cha mahindi kilichomo ndani yake. Lori likiwa jepesi, mfanyabiashara mwenye akili hataishia kuuliza zimepungua kilo ngapi. Atataka kujua kama magunia ni machache, au yametimia lakini ni madogo na hayakujaa. Jibu la kwanza linampeleka kwa dereva, la pili linampeleka shambani.

Utaratibu huu wa kupanga upungufu wa damu kwa ukubwa wa chembe tumeachiwa na daktari Maxwell Wintrobe, aliyeujenga huko Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa mirija ya kioo na hesabu za mkono. Kisha 1953 mhandisi Wallace Coulter akapata hataza ya kifaa kinachozihesabu chembe kwa umeme. Damu inachanganywa na maji ya chumvi, chembe zinapitishwa kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme, na kila chembe inapopita inautikisa mkondo. Ukubwa wa mtikisiko ndio ukubwa wa chembe. Mashine nyingi zinazonguruma kwenye maabara zetu leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Dakika moja, tone dogo, na mistari yote iko tayari. Kazi ngumu imeshafanyika na mara nyingi imeshalipiwa. Kilichobaki ni kusoma tu.

Niwatunge watu watatu, wote wana HB ya 8.4.

Wa kwanza ni mama wa miaka thelathini na kitu kutoka Hombolo. RBC yake ni milioni 4.1, si mbaya hata kidogo. Lakini MCV ni 66, wakati ya kawaida ni kati ya 80 na 100, na MCH ni 20.5 badala ya 27 kwenda juu. RDW imepanda hadi 19. Chembe zipo, ila ni ndogo na zimepauka, na hazilingani. RDW ndiyo inayopima kutolingana huko. Zile za siku za neema bado zinazunguka, maana chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na mpya zinazotoka kwenye uloto zinazidi kuwa ndogo. Uloto wa mama huyu unachapa kazi. Umekosa malighafi, na malighafi hiyo kwa uwezekano mkubwa kabisa ni madini ya chuma.

Hapa ndipo daktari wa Dodoma anapaswa kuwa mdadisi, kwa sababu chuma ama hakiingii mwilini, ama kinatoka. Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda ni chakula kizuri na kimetulea, lakini chuma cha nafaka kimefungwa na viini vinavyokizuia kunyonywa, na kikombe cha chai ya rangi kinachofuata baada ya mlo kinakifunga zaidi. Ugogoni ng'ombe wapo, ila ng'ombe ni mahari na akiba ya mwaka wa njaa. Nyama inaliwa Jumamosi mnadani Msalato, na ukipita pale tazama waliokalia mabenchi mbele ya sinia: wengi wao ni wanaume. Mwenye kuhitaji chuma zaidi, aliye kwenye hedhi au mjamzito au anayenyonyesha, yuko nyumbani anasonga ugali. Serikali iliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza chuma na virutubisho vingine kwenye unga wa ngano na wa mahindi unaotoka viwanda vikubwa. Ni jambo jema, lakini mtama unaopelekwa kwa debe kwenye mashine ya kusaga ya kijiji haupitii kiwanda chochote.

Upande wa kutoka, kuna hedhi nzito ambayo wanawake wengi wameshaamua kwamba ni kawaida yao, kuna mimba za kufuatana, kuna safura inayonyonya damu utumboni, na kuna kichocho kwa wanaolima na kuvua kandokando ya mabwawa. Huyu akipewa vidonge bila kuulizwa juu ya hayo, tunajaza ndoo iliyotoboka.

Liko pia swali ambalo kwenye chumba cha daktari sijalisikia vya kutosha: mama, unakula udongo? Unauzwa masokoni kwenye vifuko, na wanaoununua huununua kwa siri kidogo, wakicheka. Wengine hutafuna mchele mbichi, wengine barafu. Wengi hudhani ni ulevi wa mimba tu, lakini hamu ya namna hiyo huandamana mara nyingi na upungufu wa chuma, na huweza kupungua chuma kikirudi. Swali hilo halina gharama, na linaweza kueleza mengi kuhusu MCV ya 66.

Mama huyu vidonge vya chuma vitamsaidia, akivimeza kwa chungwa badala ya chai, asishtuke choo kikiwa cheusi, na asiviache wiki ya tatu anapoanza kujisikia vizuri. HB ikishafika pazuri, bado anahitaji miezi kadhaa ya kujaza ghala. Na rozela? Inywe, ni tamu na Dodoma tuna bahati nayo. Uchachu wake unaweza kusaidia chuma cha chakula kunyonywa. Kuitegemea ipandishe 8.4 hadi 12 ni kujidanganya kwa rangi nyekundu.

Lakini angalia hatari moja. Karatasi hii hii ya MCV 66, jina likiwa la mzee wa miaka 65, habari yake ni nyingine kabisa. Mwanamume hana hedhi wala mimba. Chuma chake kimekwenda wapi? Mpaka ithibitike vinginevyo, anavuja damu mahali, tumboni au kwenye utumbo mpana. Pengine ni kidonda kilicholetwa na dawa za maumivu ya viungo anazozinunua bila cheti, pengine ni saratani ambayo bado inatibika. Kumpa mzee wa namna hii vidonge vya damu na kumrudisha nyumbani ni kumfichia ugonjwa, na hapa sioni sababu ya kulainisha maneno.

Mtu wangu wa pili nitampitia haraka. Ni mstaafu, HB 8.4, RBC milioni 2.4 tu, MCV 108. Magunia machache, na makubwa kupita kiasi. Hapa chuma kinaweza kuwepo tele. Huenda kinachokosekana ni vitamini B12 au foliki, au ni pombe ya miaka mingi, au ni ini, au dawa anazotumia. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wa miaka ya nyuma wataikumbuka zidovudine, iliyokuwa ikikuza chembe na wakati mwingine kushusha damu. Kidonge cha chuma hakimfikishi popote, na ganzi ya miguu inayotokana na kukosa B12 ikikaa muda mrefu inaweza isiondoke.

Wa tatu ni mtoto wa miaka mitano, HB 8.4, RBC milioni 2.9, MCV 88. Ukubwa wa chembe ni wa kawaida kabisa, na kwa macho ya haraka karatasi yake haina la kusema zaidi ya kwamba damu ni kidogo. Kifua kikuu, figo, au maambukizi ya muda mrefu yanaweza kutoa karatasi ya namna hii. Lakini kama macho yake ni ya njano kidogo na amewahi kulia usiku kwa maumivu ya mikono na miguu, daktari aombe vitu viwili: hesabu ya chembe changa, zile zilizotoka kwenye uloto siku moja au mbili zilizopita, na kioo. Chembe changa zikiwa nyingi, maana yake uloto unakimbia kufidia chembe zinazokufa mapema. Na kioo kikipakwa damu, kikatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, mtaalamu wa maabara anaweza kuona kwa macho yake chembe zilizojikunja mfano wa mundu.

Selimundu haikuwa ugonjwa uliosemwa sana Dodoma, na sababu yake inaeleweka. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye kurithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana kurithi huko kumeenea zaidi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kuliko kwenye nyanda za juu. Sehemu zenye malaria kidogo huwa na selimundu kidogo. Ila Dodoma ya leo imebadilika. Tangu 2016 serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kishindo, mitaa imejaa familia kutoka Mwanza, Kagera, Mara, Tanga na Pwani, na watoto wanaozaliwa hapa wamerithi ya huko. Daktari anayesema "selimundu si ya huku" anaizungumzia Dodoma ya zamani.

Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini. Wakitambuliwa mapema wanapewa kinga dhidi ya maambukizi, foliki, na haidroksiurea inayopunguza maumivu, na mama anafundishwa kwamba homa kwa mtoto huyu haisubiri asubuhi. Kumpa vidonge vya chuma bila kuthibitisha kwamba chuma kimepungua ni kumlundikia mzigo, hasa kama ameshaongezewa damu mara kadhaa. Na tunaishi kwenye mji ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015 pembeni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Inashangaza, na inasikitisha pia, kuwa na huduma kubwa namna hiyo huku mtoto wa kilomita chache kutoka hapo akizungushwa na vidonge kwa sababu kioo hakikuombwa.

Yupo na wa nne, nusura nimsahau. Mtu mzima mwenye afya, MCV 72, HB iko chini kidogo tu, lakini RBC ni milioni 5 na nusu. Chembe ndogo, nyingi mno. Huyu huenda amerithi talasemia ya alfa, hali ya kawaida sana Afrika Mashariki ambayo kwa wengi haina madhara. Anaweza kumeza chuma maisha yake yote na MCV isisogee hata kidogo. Anachohitaji ni kuelezwa na kuachwa aendelee na shughuli zake.

Sasa turudi kwenye HB yenyewe, kwa sababu hata hiyo tunaisoma kwa mizani ya Dar es Salaam. Dodoma mjini iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, Kondoa na Singida juu zaidi. Hewa ikipungua oksijeni, mwili huongeza himoglobini kufidia. Shirika la Afya Duniani limeweka hesabu ya kurekebisha jambo hilo, na katika mwongozo wake wa 2024 marekebisho kwa wanaoishi kati ya mita 1,000 na 1,499 yamepanda hadi gramu 0.8, kutoka 0.2 iliyokuwa ikitumika kwa mita 1,000. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza au ya mwisho huhesabiwa ana upungufu akiwa chini ya 11. Mjamzito wa Dodoma wa miezi hiyo mwenye 11.4 anaambiwa damu iko vizuri. Toa 0.8, anabaki na 10.6. Tafiti za kitaifa hufanya marekebisho ya mwinuko, lakini sijaona kadi ya kliniki ya hapa iliyoandikwa hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba wapo akina mama tunaowapongeza wakati walipaswa kuangaliwa.

Halafu kuna safari ya damu kabla haijafika kwenye mashine. Kidole kikikamuliwa kwa nguvu, tone linachanganyika na maji ya mwilini na HB inasoma chini. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kisipogeuzwageuzwa taratibu, damu inaganda na hesabu zinavurugika. Damu ikichukuliwa Chemba asubuhi, ikapanda bodaboda, ikashinda kwenye joto na kupimwa kesho yake, chembe zinakuwa zimevimba na MCV inasoma juu kuliko ilivyo. Mama mwenye chembe ndogo anaweza kuonekana wa kawaida. Mtaalamu mzuri wa maabara anayajua yote haya, na akiona tarakimu haziafikiani hurudia kipimo. Tatizo ni kwamba tunampa foleni ya watu mia na kumtaka aende mbio.

Najua nitaambiwa nini. Muuguzi wa zahanati ya Mpwapwa ndani ndani huko, mwenye kifaa kidogo cha HB na wajawazito waliojaa benchi, atasoma MCV kwenye karatasi gani? Ni kweli, na kwake yeye kumpa kila mjamzito chuma na foliki ni uamuzi sahihi, sina neno nao. Simdai yeye. Ninazidai hospitali za wilaya na za rufaa ambazo mashine zinazo. Pale kipimo kinafanyika, mgonjwa au bima yake inalipa, karatasi inatoka na mistari yake yote, na bado anayeisoma anaishia mstari wa HB. Pia nazidai halmashauri zinazonunua mashine kwa hafla na picha, kisha mashine inakaa kimya kwa sababu vitendanishi vimekwisha. Kioo, rangi, mafuta kidogo na hadubini ya zamani bado vinafanya kazi umeme wa mashine ukigoma, ila macho ya kuvisoma yanapatikana kwa mazoezi, na vijana wanaohitimu sasa wanahitaji kupewa muda wa kuyapata. Ningependa kuona kila hospitali ya wilaya ya ukanda huu ina angalau mtu mmoja ambaye kazi yake, siku zote za wiki, ni kuangalia vioo vya damu zilizokataa kueleweka.

Wewe msomaji, ukipewa karatasi yako, usiondoke na tarakimu moja. Uliza MCV ni ngapi na ina maana gani, na uliza damu imepungua kwa sababu gani. Ukipewa vidonge vya chuma, omba tarehe ya kurudi kupima baada ya mwezi hivi. Kama ni upungufu wa chuma na unavimeza sawasawa, HB inapaswa kuwa imepanda kwa gramu moja au zaidi, na isipopanda, jibu la kwanza halikuwa sahihi au kuna mahali damu inavuja. Karatasi yenyewe itunze pamoja na kadi ya kliniki na vyeti vya watoto, na ukihamia hospitali nyingine nenda nayo.